Mguu Uliotoka Winguni

Pale Mlandege, kati ya duka la picha la Seni na mashine ya kusaga, kuna ubao mrefu wa paini uliolazwa juu ya matofali. Asubuhi za Juni, Iringa ikiwa bado imejifunika ukungu, wenye ubao wao hufika mmoja mmoja wamejikunyata ndani ya makoti, wanakishika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili na kunusa mvuke kabla ya kunywa. Pale hakuna anayekuja na swali. Watu huja na majibu, kisha hutafuta swali la kuyapachika. Setilaiti, ambaye mama yake alimwita Anord, hufunga madishi ya televisheni na huamini hakuna jambo duniani lisilo na mawimbi. Aroni wanamwita Askofu. Si askofu wala mchungaji, bali aliwahi kusoma matangazo kanisani, na tangu hapo hajawahi kukubali kwamba kipaza sauti kilirudishwa. Bertha muuza kahawa wanamwita Hakimu, maana ukimkera hunywi. Na Seni mwenyewe, Msukuma wa Ubaruku aliyehamia mjini na kamera yake, jina lake ni Geuka Kidogo, kwa jinsi anavyowaambia watu wa picha za pasipoti.

— Zimeingia tena, alisema Seni asubuhi ile, kabla hata hajakaa.

— Kamwene kwanza, alisema Bertha. Ndiyo zije hizo zako.

— Kamwene, dada. Zimeingia tena. Kuku, sufuria, na ule mguu.

Seni hakuwa mshamba wa mambo hayo, na alipenda watu walijue hilo. Kila picha aliyoipiga kwa simu ilipanda yenyewe mpaka kwenye wingu la mtandaoni, na kutoka wingu ikashuka kwenye kompyuta ya dukani, ambako aliikata, akaing'arisha na kuichapa. Mteja alikuwa hajamaliza kufunga vifungo vya shati, picha yake ipo mezani. "Simu yangu ikianguka chooni leo," alizoea kusema, "mimi nalala usingizi. Kila kitu kiko juu." Lakini tangu Pasaka ipite, na hasa siku hizi za mavuno, wingu lilikuwa linamshushia vitu asivyovijua. Katikati ya nyuso za watu waliokunja midomo kwa ajili ya pasipoti, kulitokea kuku. Mara kidole. Mara kipande cha ukuta. Na siku hizi, kila kulipokucha, unyayo wa mtu, umepigwa kwa karibu mno, picha imetikisika.

— Lete nione, alisema Setilaiti, akainyakua simu. Ahaa. Bro, hii ni ndogo sana. Wingu lako limegongana na wingu la mtu.

— Yanagonganaje?

— We unadhani huko juu kuna trafiki? Mimi niko kwenye madishi. Dishi likisogea kidogo tu, ulikuwa unatafuta taarifa ya habari, unapata watu wa nchi gani sijui wanauza masufuria. Juzi upepo umevuma kutoka Mbeya. Wingu la Mbeya limesukumwa, limekuja kumwagia Iringa. Kuna mtu Uyole saa hizi anashangaa pasipoti za wateja wako.

— Ndiyo maana wahenga walisema, aliingia Askofu, dalili ya mvua ni mawingu.

— Sasa hiyo inahusiana na nini?

— Wingu limetajwa au halijatajwa?

Hakuna aliyeweza kukanusha kwamba wingu lilitajwa. Askofu akanywa funda moja, akafuta masharubu.

— Mimi nasema hivi. Hiyo simu inakumbuka. Chombo hakisahau mwenyewe. Saa yangu ya ukutani niliinunua kwa padri, na mimi ni Mlutheri, mnanijua. Mpaka leo, Jumapili inakwenda mbele. Inawahi misa ya kwanza!

— Simu yangu mpya, Askofu. Boksi nimelifungua mwenyewe.

— Na boksi lilitoka wapi?

Bertha akacheka mpaka birika likatikisika. Aliinama akaiangalia picha juu ya bega la Setilaiti.

— Mie naona kuna mtu anaishi humo ndani ya simu yako, alisema. Kama panya darini. Humwoni, ila unga unapungua.

— Lakini hapa haupungui, unaongezeka.

— Basi panya mwenye adabu.

— Subirini, subirini, alisema Setilaiti, ambaye alikuwa amepata jibu kubwa zaidi na hakutaka lipoe. Mnajua kuna vyombo huko juu vinapiga picha mashamba? Vinapita kila siku. Vinahesabu mpunga, vinahesabu mahindi. Sasa vimefika kwenye kuku. Hawa kuku ni sensa.

— Na mguu?

— Mguu ni kipimo! Ukipiga picha ya kitu lazima uweke kipimo pembeni, ujue ukubwa wake. Wenyewe huko wanapima kwa nini? Kwa futi. Na futi ni nini kwa Kizungu? Si mguu huo?

Ubao mzima ulimtazama kwa heshima. Hata Seni, aliyejua ni upuuzi, aliona upuuzi umejengwa vizuri.

— Pana doa hapa kisiginoni, alisema Bertha.

— Tope hilo, alisema Setilaiti.

— Tope jekundu?

Askofu akaivuta simu, akaitanua picha kwa vidole viwili mpaka kisigino kikajaa kioo kizima. Akatikisa kichwa.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu aliambiwa, hakusikia.

— Haya, mmemaliza? alisema Seni, akaichukua simu yake. Dawa yake ninayo tangu siku ya kwanza. Mimi sihangaiki na nani kazileta. Nazifuta. Na uzuri wa mtambo wangu, nikifuta hapa kwenye simu, inafutika kwenye kompyuta, inafutika winguni, inafutika popote ilipo. Haibaki hata harufu. Tazameni.

Aligusa kuku, akagusa sufuria, akagusa mguu. Kidole kikashuka mara moja. Vyote vikatoweka, zikabaki nyuso za pasipoti zinazomtazama bila kucheka.

— Kwisha habari, alisema, akanyoosha mkono kupokea kahawa yake.

Kikombe kilikuwa hakijafika mdomoni simu ilipoita. Alikuwa mama yake. Seni akaweka sauti kubwa, kwa sababu wenzake walimzoea yule mama kwa sauti, na yeye mama alikuwa haridhiki mpaka awasalimie wote.

— Mwangaluka, Mayu.

— Mwangaluka, ng'wana wane. Mmeamkaje na baridi lenu?

— Shikamoo mama! ulisalimia ubao mzima.

— Marahaba, wanangu. Bado mnakaa tu hapo?

— Tunafanya kazi, mama, alisema Setilaiti. Kazi ya kichwa.

— Mzima, Mayu? aliuliza Seni.

— Mzima gete, mzima kabisa. Mpunga tunavuna. Mdogo wako Nkuba yuko bondeni na ng'ombe. Nimekupigia juu ya hii simu uliyonipa. Ina njaa.

— Chaji?

— Siyo chaji. Inakula picha. Napiga picha, naiona kabisa, nalala. Nikiamka haipo. Leo nimeona niikamate. Nimepiga asubuhi hii, nikaiweka juu ya meza, nikaenda kuwafungulia kuku. Nimerudi sasa hivi kuitazama, imeshaliwa. Hata chai sijanywa.

— Mama, hiyo ni memori kadi! Setilaiti alisimama. Itoe, uipulize…

— Nyamaza wewe, alisema Seni.

Alisema kwa sauti ambayo haikuzoeleka pale, na Setilaiti akakaa. Seni alikuwa ameiona ile simu ya zamani kama ilivyokuwa mkononi mwake siku ya Pasaka. Aliisafisha vizuri kabla ya kumpa Nkuba aipeleke. Alifuta namba, alifuta meseji, alikipangusa kioo chake kwa pamba yenye spiriti. Akaunti tu ndiyo aliiacha, tena kwa makusudi, ili Mayu awe anaona picha za wajukuu zake bila kuhangaika. Alijisifu sana siku ile kwa wazo hilo. Hakufikiri kwamba njia inayopeleka picha Ubaruku ndiyo hiyo hiyo inayozirudisha Mlandege, na kwamba kidole kinachofuta huku kinafuta na kule.

— Ulipiga picha ya nini, Mayu?

— Kitu tu.

— Kuku?

— Kuku nilimpiga jana.

— Mayu. Mguu una nini?

Kwenye simu alisikika jogoo wa Ubaruku, na mtu wa mbali akiita ng'ombe.

— Nani kakuambia? Ni Nkuba?

— Hakuna aliyeniambia.

— Nkuba hajui. Nimemwambia nimebanwa na kiatu.

— Mayu, mguu una nini?

— Nilichomwa na kisiki cha mpunga. Kadogo tu. Hakaumi hata, ndiyo maana sikusema. Kangekuwa kanauma ningesema.

— Sasa picha za nini?

— Si kako kisiginoni, kwa chini? Mimi kisigino changu sikioni. Kiuno hakikunji, shingo haifiki. Nikasema hii simu ina jicho, acha initazamie. Nainyoosha chini huku, napiga, kisha naangalia. Ningejua kama kanafunga. Lakini nikitaka kulinganisha cha leo na cha jana, cha jana kimeliwa. Kila siku ni kama nakiona mara ya kwanza.

Seni alikiweka kikombe chini, juu ya tofali.

— Mayu, usikate. Hapana, kata. Nitakupigia sasa hivi. Kaa karibu na simu.

Aliingia dukani, na wote watatu wakamfuata bila kualikwa, wakajibana kati ya taa za picha na kile kitambaa cha bluu cha pasipoti. Kwenye kompyuta kulikuwa na mahali ambapo Seni hakuwa na kawaida ya kwenda: kapu la vilivyofutwa. Kumbe wingu halitupi kitu papo hapo. Hukiweka kwanza pembeni kwa muda, kama mama anayejua kwamba mtu ataijutia nguo aliyoitupa. Alilifungua. Walikuwamo kuku wote. Ilikuwamo ile sufuria. Na miguu ilikuwamo, yote, tangu wa kwanza.

Akaipanga kwenye kioo, wa zamani kushoto, wa leo kulia.

Wa kwanza ulikuwa na alama ndogo kama punje ya dengu. Uliofuata, punje ilikuwa na ukingo. Baadaye ukingo ukawa na rangi mbili. Ile picha ambayo Askofu aliitanua kwa vidole vyake kule nje ilikuwa ya mwisho kabisa, na ikiwa imepangwa na wenzake haikuhitaji kutanuliwa. Nyeusi ilikuwa imeshaanza kuizunguka nyekundu.

Setilaiti alipumua kwa pua. Askofu alivua kofia.

— Funga duka, alisema Bertha.

Seni aligusa sehemu ya kurudisha. Picha moja moja zikatoka kapuni, zikapanda zilikopanda, akangoja. Halafu akampigia mama yake.

— Fungua picha, Mayu. Zimerudi.

— Zimerudi? Ngoja. Ngoja, kuku hawa… Eeh! Gete zimerudi. Umefanyaje?

— Tazama za mguu. Anza na ya kwanza, uje nayo hivyo hivyo mpaka ya leo.

Walimsikia akipumua. Walimsikia akisema kwa sauti ndogo, "Hii ya siku ile ya kwanza. Hii nilirudi shamba." Duka zima liliinamia simu ile. Nje kulikuwa na mteja aliyegonga dirisha, akaona migongo tu, akaondoka.

— Seni.

— Naam, Mayu.

— Njoo.

Seni hakumbuki ni nani aliyefunga mlango. Anakumbuka tu kwamba Setilaiti alimpakia kwenye pikipiki yake, ngazi ya kufungia madishi ikiwa bado imefungwa ubavuni, wakaenda stendi wakimpigia honi kila mtu, na kwamba Askofu, mtu asiyeweza kukaa dakika bila methali, alimshika mkono dirishani mwa basi na kusema neno moja tu, "Nenda." Njia nzima, Mafinga, Makambako, ukungu ukibaki nyuma na joto la Usangu likianza kupanda, alikuwa akifungua simu kutazama kama kuna picha nyingine imeingia. Akashuka Rujewa, akachukua bodaboda.

Alimkuta Mayu amekaa mlangoni, ameshavaa gauni la safari, mguu ameuweka juu ya kinu kilicholazwa.

— Umekonda, Mayu alimwambia Seni.

Hospitalini daktari aliwahoji kama madaktari wanavyohoji: kilianza lini, kilikuwa na ukubwa gani, kiliongezeka haraka au polepole. Wagonjwa wengi hujibu "siku nyingi kidogo." Mayu alimnyooshea simu. Daktari alizitazama picha zote, akarudi mwanzo, akazitazama tena, kisha akaagiza damu ipimwe. Ilikuwa sukari, iliyoingia mwilini bila hodi, na ndiyo iliyofanya kidonda kisiume. Walikata iliyooza, wakasafisha, wakamlaza. Mguu ulibaki. Daktari alisema wazi kwamba wangesubiri mavuno yaishe, wangekuwa wanazungumza mambo mengine.

Aliporuhusiwa, Seni akamleta Mlandege, awe karibu na kliniki ya kubadilishia bendeji. Jioni ya kwanza alimfungulia akaunti yake mwenyewe, akamweleza kila hatua: sasa picha zako ni zako, zangu ni zangu, mimi siwezi kufuta zako hata nikitaka. Mayu alisikiliza mpaka mwisho.

— Na za wajukuu nitazionaje?

— Nimeweka albamu moja ya wote wawili. Tunachotaka kuonyeshana tunakiweka humo.

— Basi mguu niweke humo, alisema. Kuku niachie mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata alitoka nje, amevaa koti la Seni na kofia ya sufu ya mjukuu, fimbo mkononi, mguu mweupe kwa bendeji. Ubao wa paini ulisimama wote.

— Shikamoo mama!

— Marahaba. Kumbe ndiyo nyie. Kwa sauti nilidhani ni wanene.

Walimpa nafasi ya katikati. Bertha alimsafishia kikombe mara mbili, akamtilia chai ya tangawizi isiyo na sukari. Na kwa kuwa hakuna furaha kama ya kuwa na msikilizaji mpya, walianza kumsimulia. Setilaiti alieleza jinsi mawingu ya Mbeya na Iringa yalivyogongana. Mayu akauliza kama kuna aliyeumia. Askofu akasimulia saa ya padri inavyokimbilia misa. Bertha akamleta panya wake mwenye adabu. Setilaiti, akiona wenzake wanapendwa, akaleta sensa ya kuku, na kutoka sensa akaingia kwenye futi, akasimama kabisa, akanyanyua mguu wake mwenyewe kuonyesha jinsi kipimo kinavyowekwa pembeni ya kuku. Mayu alicheka mpaka akashika mbavu, akafuta machozi kwa ncha ya koti. Seni alimtazama na kujisikia mwepesi. Alikuwa hajamsikia akicheka hivyo tangu baba yao alipokuwa hai.

— Nyie watu, alisema Mayu. Nyie watu mna akili. Kwa hiyo mguu wangu mlikuwa mnauona.

— Kila siku, mama! alisema Setilaiti. Ukiingia tu, sisi tunao.

— Mkauona na kidonda.

— Mimi nilikiona wa kwanza, alisema Bertha. Hawa walisema ni tope.

— Mimi nilikitanua, alisema Askofu. Kikajaa kioo kizima.

Mayu alitikisa kichwa taratibu, bado anatabasamu. Akapuliza chai yake, akanywa kidogo, akawageukia mmoja mmoja kama mtu anayetaka kujua tu.

— Na hakuna aliyeuliza ni mguu wa nani?

Setilaiti alikaa, akairudisha miguu yake chini ya ubao. Askofu aliangalia ndani ya kikombe chake, akakizungusha, akaendelea kuangalia. Mashine ya kusaga ikawashwa kwa jirani, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyelalamika juu ya kelele zake. Bertha aliinua birika akammiminia mama chai kwenye kikombe ambacho kilikuwa bado kimejaa, ikafurika juu ya ubao, ikadondoka chini.

Seni alisogea. Aliinama, akauinua mguu wa mama yake kwa mikono miwili, akaulaza juu ya mapaja yake.